Posho, nyumba na neno lenye kutimizwa: historia ya kazi ku machimbo ya Katanga na fundisho kwa chama chetu



Mu mukutano wa komite wa mwezi uliopita tulizungumuza saa tatu nzima juu ya jambo moja tu: watu wenye kutumikia chama wanachoka. Fundi wa mashini ya kusaga ameacha kazi, ameenda kuchimba. Zamu mumoja hafiki tena kila usiku. Wamama wawili wenye kutembelea wagonjwa mu kartie wamesema kama wataendelea mpaka mwisho wa mvua, kisha watarudilia mashamba yao. Kati yetu kuko waliosema: "Tuongeze motivasio." Wengine wakajibu: "Na ile feza itatoka wapi?" Kisha papa mumoja, ambaye sisi wote tunamuheshimu, akafunga mazungumuzo: "Kule Zambia mu kambi tulitumika kwa feza kidogo kuliko hii, na hatukukimbia. Vijana wa leo hawapendi kazi, njo vile tu."

Siku ile sikukuwa na jibu. Nilirudi ku nyumba, nikafungua tena vitabu na makaratasi ya historia niliyosoma ku universite, juu swali letu si jipya. Hapa Katanga, watu wamejiuliza tangu zaidi ya miaka mia moja: nini inafanya mutu abakie ku kazi, na aifanye kwa moyo? Ninaandika haya mbele ya mukutano mukubwa, kusudi tusipige kura juu ya hasira tu.

Kwanza neno lenyewe. Mu Kongo yetu "motivasio" imekuwa jina la feza. Tangu miaka ya 1990, wakati Serikali haikulipa walimu vizuri, wazazi walianza kutoa feza kwa kila mutoto kusudi mwalimu asiache kalasi, na ile feza ikaitwa primu ao motivasio. Tangu hapo, mutu akisema "munipe motivasio", anatandika mukono. Simulaumu. Lakini neno limetufungia njia: hatuulizi tena kitu gani kiko mu moyo wa mutu wa kazi, tunauliza tu ni franka ngapi.

Wa kwanza walikimbia

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa katika mwaka wa 1906. Katika mwaka wa 1910 reli yenye kutoka upande wa kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na katika 1911 shaba ya kwanza ilitoka mu tanuru. Udongo ulikuwa na mali, mashini zilifika, wazungu walifika. Kitu kimoja kilikosa: watu.

Katanga haikukuwa na wakaaji wengi, na wale waliokuwako walikuwa na mashamba, samaki, chumvi, na biashara yao. Hakuna aliyeona sababu ya kuacha vile na kuingia mu shimo la mugeni. Ndiyo maana katika 1910 waliunda Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watu wa kazi. Watu wa ile ofisi walipita mu vijiji, walipitia kwa wakubwa wa vijiji, na kodi ya Serikali yenye kulipwa kwa feza ilisukuma kutoka nyuma. Kati ya wale wa kwanza kulikuwa watu wa bonde la Luapula na wa Moero, ni kusema watu wa kwetu, wa ngambo zote mbili za mupaka. Mikataba ilikuwa ya miezi kidogo tu, mara nyingi sita.

Wengi hawakumaliza hata ile miezi. Kambi zilikuwa mbaya, chakula hakikukuwa chenye walizoea, kuhara damu na magonjwa ya mapafu yaliua watu mingi, na katika 1918 grippe ya dunia nzima ikaongeza vifo. Habari za vifo zilifika mu vijiji mbele ya mwenye kuandikisha watu kufika. Kwa hiyo watu walikimbia: wengine mu njia, wengine kisha juma moja, wengine usiku wa kwanza.

Wakubwa wa machimbo waliandika kama Mwafrika ni muvivu. Lakini angalia: wakati ule ule watu wa Luapula na Moero walikuwa wanavua samaki usiku, wanakausha, na samaki na unga vilikuwa vinabebwa mpaka Elisabethville kuuzishwa kwa wenye kutumika ku machimbo. Mutu mwenye kusukuma mutumbwi usiku kucha si muvivu. Alilinganisha kazi mbili, akachagua ile yenye haimuui na yenye yeye mwenyewe ndiye mwenye kuamua saa ya kurudi. Papa, kama unasoma haya, samahani: "hawapendi kazi" ni neno la zamani sana mu Katanga, na hata siku ya kwanza halikukuwa la kweli.

1928: nyumba, muke na posho

Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilifanya hesabu. Kutafuta mutu mu kijiji cha mbali, kumusafirisha, kumufundisha, kisha kumupoteza kisha miezi sita: ile garama ilikuwa kubwa kuliko kumutunza vizuri. Na ngambo ya mupaka, machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini yalikuwa yanafunguka, nayo yalitaka watu wale wale. Kwa hiyo, tangu 1928 kampuni iligeuza njia yake. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Ilimuambia mufanyakazi aje na muke yake. Ilijenga nyumba za familia. Watu walianza kutoka mbali: Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi.

Léopold Mottoulle, munganga wa kampuni, ndiye alishugulika sana na ule mupango. Wazo lake lilikuwa nyepesi: mwanaume mwenye kuishi na muke yake anakula vizuri, anagonjwa kidogo, na anabakia. Kila juma kampuni ilitoa posho: unga, nyama ao samaki, mafuta, chumvi. Posho ilihesabiwa kufuatana na muke na watoto. Watoto wachanga walipimwa uzito, wamama wenye mimba walifuatwa ku hospitali, na mapadri Wabenedikto walisimamia masomo. Kisha miaka kidogo vifo vilipunguka sana, na watu wenye kukimbia walipunguka pia. Watoto walizaliwa mu kambi, wakakomaa mu kambi, wakaingia ku kazi ya baba yao. Watu walianza kusema kama Union Minière ni baba na mama.

Hapa kuko fundisho la kwanza, na halitakiwi kuzarauliwa na sisi wenye kusoma vitabu: mutu mwenye njaa hatumiki kwa moyo. Posho ilifika siku yenye ilipangwa. Mama wa nyumba alijua siku gani atapika bukari na kitoweo gani. Si upendo ulioleta ile, ilikuwa hesabu ya faida, lakini neno lilitimizwa, na watu walibakia.

Hata vile ule ubaba ulikuwa na bei. Mukubwa wa kambi aliweza kuingia mu nyumba kuangalia usafi. Masomo yaliwekwa kusudi mutoto wa mufanyakazi akuwe mufanyakazi, si injenia. Na wakati bei ya shaba ilianguka katika dunia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, "baba" alirudisha maelfu ya "watoto" ku vijiji vyao bila kuwauliza. Yenye ulipewa bila kuulizwa, itaondolewa pia bila kuulizwa.

1941: tumbo lililojaa na kinywa kilichofungwa

Wakati wa vita ya pili ya dunia, inchi za Washirika zilihitaji shaba nyingi. Machimbo ya Katanga yalitumika muchana na usiku. Bei ya vitu mu magazini ilipanda, mushahara wa Mwafrika haukuufuata mwendo wa bei. Wafanyakazi wazungu walikuwa wanadai na wanasikilizwa. Waafrika walikuwa wanaona yote haya, juu walitumika bega kwa bega nao. Lakini hawakukuwa na ruhusa ya kuwa na sendika, wala mutu wa kuwasemea mbele ya wakubwa.

Katika mwezi wa 12 mwaka wa 1941 waliacha kazi, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Elisabethville. Tarehe 9 wafanyakazi wa Elisabethville walikusanyika ku uwanja wa mupira. Kati ya waliosema kwa ajili yao alikuwa mukarani mumoja, Léonard Mpoyi. Askari walipiga risasi. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya wengine, na wengi wakaumia.

Mara nyingi ninafikiri juu ya ile siku. Wale watu walikuwa na nyumba. Walikuwa na posho, hospitali, masomo ya watoto. Ukiwalinganisha na watu wa 1911, walikuwa wamepata vyote. Na walisimama mbele ya bunduki. Walidai mushahara, ni kweli, lakini walidai pia kitu ambacho hakikukuwa mu mufuko wa posho: mutu mwenye kuwasikiliza. Katika 1946 tu ndipo Serikali ya kikoloni ilikubali sendika za Waafrika na baraza za wafanyakazi ndani ya kampuni. Ilikuwa miaka mitano kisha damu kumwangika. Zile baraza zilikuwa na nguvu kidogo, lakini kwa mara ya kwanza mufanyakazi alikuwa na kiti cha kukalia wakati wakubwa wanazungumuza juu yake.

Padri aliyeuliza swali

Kuko historia ingine ya machimbo, ya upole zaidi. Katika miaka ya 1950 mu eneo la Kolwezi, padri Mufransiskani mumoja kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, yule aliyekuwa amechapisha kitabu juu ya filozofia ya Wabantu katika 1945, alianza kukaa na wafanyakazi wa machimbo na wake zao. Mbele ya kufundisha, aliuliza: ninyi munatamani nini katika maisha? Kutokana na mazungumuzo yale kulizaliwa Jamaa, kundi la Wakatoliki ambalo wazee mingi wa Katanga wanalikumbuka mpaka leo. Maneno yao matatu ya musingi yalikuwa ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo.

Sikuleta Jamaa hapa juu ya mambo ya dini. Niliileta juu inatuonyesha watu wale wale wenye kampuni ilikuwa inapima kilo zao na kuhesabu watoto wao, wakati mutu alifika kuwauliza. Hawakutaja mushahara kwanza. Walitaja kuwa na uzima, kuacha kitu nyuma yao, na kuunganika na wengine. Uzima unaitaka posho, ni kweli. Lakini uzazi na mapendo haviingii mu kipimo cha posho. Mutu anataka kuona kama kazi yake inazaa kitu, na kama wenye anatumika nao wanamuhesabia kuwa mutu.

Gécamines: watu walioendelea kwenda

Mwanzoni mwa 1967 Serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na kisha miaka kidogo kampuni ikaitwa Gécamines. Kwa muda wa miaka karibu makumi mbili ilikuwa mugongo wa inchi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Na Mukongomani aliweza sasa kuwa injenia na mukubwa wa kiwanda. Unga, masomo, hospitali, vyote viliendelea. Kutumika kule ilikuwa kiburi cha familia nzima.

Kisha ikaanguka. Feza ilikuwa inatoka mu kampuni bila kurudi kutengeneza mashini. Katika mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka uliofuata kulikuwa uporaji mu miji ya inchi. Katika 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mu Katanga, na kati yao kulikuwa mafundi wa miaka mingi. Kutoka tani zile 470,000, kampuni ilishuka chini ya 50,000. Mishahara ilianza kuchelewa mwezi mumoja, kisha miwili, kisha mutu akaacha kuhesabu. Wanahistoria wa Lubumbashi wameandika mingi juu ya wakati ule. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliita kitabu chake kwa jina la Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Jambo lenye linanishangaza ni hili: kwa miaka mingi, watu wengi waliendelea kwenda ku kazi. Bila mushahara. Asubuhi walivaa nguo ya kazi, walitoka. Wengine ilikuwa juu ya nyumba ya kampuni ambayo hawakutaka kupoteza. Wengine juu ya deni: ukiacha leo, nani atakulipa miezi yote ile? Wengine juu hawakujua watakuwa nani kama hawako tena watu wa Gécamines. Wakati ule ni wamama waliobeba nyumba, kwa mashamba na biashara ndogo ya njiani. Na ndani ya viwanda, vitu vilianza kupotea: mafuta, nyaya, vyuma. Mutu alikuwako ku kazi, jina lake lilikuwa ku karatasi, lakini moyo ulikuwa umetoka zamani. Sisi tuko na tabia ya kufikiri kama mutu asiyeacha kazi ni mutu mwenye kuridhika. Historia ya Gécamines inatuambia hapana.

Katika 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, kampuni ilipanga mupango wenye kuitwa "kuondoka kwa mapenzi". Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na feza moja kwa kila mutu, ambayo haikulingana na madeni ya mishahara yao. Wengi wao waliungana kisha na wakadai haki yao kwa miaka. Ukisoma maneno yao, hawalalamiki tu juu ya feza. Wanalalamika kama waliambiwa neno, na neno halikutimizwa, na hakuna mutu aliyefika kuwaangalia ku macho na kuwaeleza.

Sasa turudi Pweto

Papa wetu alisema kweli: mu kambi za Kala na Mwange watu walitumika kwa insentivi ndogo sana. Walimu, wanganga wa kusaidia, wagawanyaji wa maji, wote. Lakini tukumbuke vizuri. Wakati tulikimbia Pweto mwishoni mwa 2000 na kuvuka mupaka, tulipokelewa mu kambi yenye posho ya kila mwezi, hospitali ya bure na masomo ya watoto. Insentivi ilikuwa juu ya vile vyote. Ilinunua sabuni, ilinunua nguo. Hapa, tangu tulirudi, hakuna posho. Ile feza kidogo yenye tunamupa fundi ndiyo unga, ndiyo dawa, ndiyo masomo. Kulinganisha zote mbili ni kama kulinganisha mushahara wa 1935 bila kuhesabu posho. Hesabu haitafika.

Juma lililopita nilienda kumuona fundi wetu kule anachimba. Nilifikiri ataniambia feza ni kidogo. Alinipa kiti, akapangusa mikono, akasema: "Mwana, si kazi njo ilinichokesha. Mulisema tarehe tano. Nikaenda kukopa unga juu ya ile tarehe tano. Ikapita. Ikafika makumi mbili, hakuna hata mumoja wenu aliyekuja kuniambia kitu. Mwenye kunikopesha alikuja ku nyumba mbele ya watoto. Muke yangu naye alifikiri ninamudanganya, kama nilipata feza nikakula." Nilimuuliza kule anapata zaidi. Alicheka: "Siku ingine ndiyo, siku ingine hakuna. Lakini hapa hakuna mwenye kunidanganya."

Ilinichoma, juu mimi pia nimepita pale. Nimetumika ku shirika moja kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mara moja tulikaa miezi mine tunaambiwa feza iko njiani. Njaa ilikuwako, lakini kitu chenye kilivunja kikundi chetu ni kimya. Wenye uwezo walitafuta kazi kwingine wakati bado wanakaa mu ofisi yetu. Nilipokumbuka mikataba ya miezi sita ya 1911, niliona kama sisi watu wa miradi tumerudilia kosa ambalo Union Minière yenyewe iliacha katika 1928, na yenyewe haikuliacha juu ya huruma, iliacha juu lilikuwa linaipotezea feza.

Ninalopendekeza

Nitasema wazi, na ninajua hayatapendeza kila mutu.

Kwanza, chama kiko na watu munane wenye kulipwa. Feza yenye iko inaweza kulipa watano vizuri na kwa tarehe. Tukiendelea na munane, tunalipa wote vibaya na kwa kuchelewa. Ninapendekeza tubakie na watano, na wale watatu tuwaambie sasa, mbele ya mukutano, tuwalipe deni lao lote mbele ya kuondoka. Ninajua ni nani watagusika. Mumoja ni jirani yangu. Lakini kumuweka mutu ku liste na kumuacha angojee, Katanga yetu imeona mwisho wake.

Pili, tarehe ya malipo ikuwe moja, na ikitokea kama feza haitafika, mutu wa komite aende mwenyewe ku nyumba ya kila mufanyakazi siku saba mbele. Si kutuma ujumbe wa telefone. Aende, akae, aseme ukweli. Hili halina garama hata franka moja.

Tatu, turudishe posho kidogo: kila mufanyakazi asage beseni moja kwa juma bila kulipa, na apewe kipande mu shamba la chama. Mama wa nyumba ajue kama siku fulani unga utakuwako.

Ine, wafanyakazi wachague mutu wao wa kukaa mu komite, mwenye kuongea na mwenye kupiga kura wakati tunazungumuza juu ya mashini, zamu na wagonjwa. Fundi alituambia mara mbili kama mukanda wa mashini utakatika. Hatukumusikiliza, ukakatika, kisha tulimulaumu yeye.

Tano, kila mwezi tubandike ku mulango wa mashini ni debe ngapi zilisagwa, na wamama wa kutembelea wagonjwa watuambie ku mukutano wale waliopona. Mutu anataka kuona kazi yake inazaa.

Kwa ninyi wafazili wetu, musaada wenu tunauona na tunashukuru. Tuko na maombi mawili. Mukiweza, mutupe ahadi ya mwaka muzima hata kama feza ni ile ile, kuliko kutupatia miezi mitatu na kuturudilisha kuomba. Na wakati feza inachelewa kwenu, mutuambie mapema, hata kama hamujui siku. Sisi tutaenda kuwaambia watu wetu. Tunaweza kuwaambia "bado". Hatuwezi kuwaambia kitu wakati hatujui kitu.

Fundi sikumuomba arudi. Nilimulipa nusu ya deni lake, ile yenye komite ilinipa, na nikamuambia siku ya mukutano mukubwa. Alisema atafika, atakaa nyuma, atasikiliza. Mukanda mupya bado haujanunuliwa.